RV ya kukodi: jenereta inazima kila tukiingia jangwani na bi mkubwa yumo ndani. Tatizo ni nini?

#1 Mzigua wa Houston

Wakuu, salaam.

Tumetoka Houston kuja Phoenix kumwona mdogo wangu na familia yake. Tumekodi RV, gari lenye nyumba ndani, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, injini ya petroli, AC moja juu ya paa na jenereta ya wati 4,000 iliyofungwa chini ya bodi. Tuliomo ni mimi, mke wangu, watoto, na mama aliyekuja kututembelea kutoka Handeni. Magoti yake hayamruhusu kukunjwa kwenye gari dogo safari nzima, ndiyo maana tukatafuta gari lenye kitanda na choo.

Hadi Kerrville mambo yalikuwa shwari. Tulipopita Fort Stockton mchana, joto digrii 104 za Fahrenheit, yaani 40 za kwetu, jenereta ikazima yenyewe. AC ya paa kimya. Nikiwasha, inazunguka lakini haishiki. Tukapaki, baada ya kama nusu saa ikawaka kama vile haikuwa na ugonjwa wowote. Kabla ya Van Horn ikazima tena.

AC ya dashibodi inapoza viti vya mbele tu. Huko nyuma mama alikuwa anajipepea na kulalamika, halafu akaacha kulalamika. Hapo ndipo nilipoogopa. Tulimhamishia mbele, tukamlowesha kanga, akapata nafuu.

Geji ya mafuta ilikuwa karibu nusu. Walionikodisha wanasema "itakuwa joto". Sasa kama jenereta ya kuendesha AC haiwezi joto, imefungwa ya nini?

Wiki ijayo tunarudi njia ile ile. Nataka nijue chanzo kabla sijampandisha mama tena.

#2 Nyundo ya Kariakoo

Mafuta hayo. Kwenye RV za petroli jenereta inanyonya tenki moja na injini, ila mrija wake ni mfupi makusudi, haufiki chini. Ikibaki kama robo tenki jenereta inakosa mafuta na kuzima, usije ukabaki porini umepoa huku injini haina tone. Jaza tenki, uzi ufungwe.

#3 Dada wa Mesa

Nyundo, kaandika geji ilikuwa karibu nusu. Soma mada kwanza kaka.

#4 Nyundo ya Kariakoo

Nimesoma dada. Nusu ya tambarare si nusu ya mlimani. Fort Stockton iko kama futi 3,000, Van Horn kama futi 4,000, kwa hiyo kule unapanda, na mafuta yanakimbilia nyuma ya tenki. Tena ule mrija una mpira, na mpira ukipasuka sehemu ya juu utanyonya hewa hata tenki likiwa na nusu. Bado niko kwenye mafuta.

#5 Fundi wa Baridi

Niko Minneapolis, kazi yangu ni injini ndogo, jenereta na mashine za theluji. Naona dalili moja kubwa ambayo Nyundo ameiruka: ikipumzika nusu saa inawaka. Mrija uliopasuka haujitibu kwa kupumzika.

Petroli inachemkia njiani. Jenereta iko chini ya gari, juu ya lami iliyoungua, karibu na ekzosi, na pampu yake inavuta mafuta kutoka mbali. Unapovuta mafuta ya moto yanageuka mvuke kirahisi, pampu inabaki kupampu mvuke, kabureta inakauka, injini inakufa. Ikipoa mvuke unarudi kuwa mafuta.

Namna ya kupima: ikizima tena, usisubiri. Chukua kitambaa, kiloweshe maji baridi, kifunge kwenye pampu na mrija wake, kwa uangalifu maana ekzosi inaunguza. Ikiwaka baada ya dakika chache, umempata mchawi.

#6 Mzee wa I-10

Mimi naendesha lori, hiyo barabara kuu ya I-10 naipita kila mara kwa mizigo ya Los Angeles. Ngoja niwaambie kitu mnachosahau: mwinuko. Watu wanadhani jangwa ni bonde. Ukitoka Houston uko sawa na bahari, ukifika Van Horn uko futi 4,000, na Arizona pale kwenye mawe ya Texas Canyon unakaribia futi 5,000. Hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa Houston inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, injini inasongwa. Jenereta nyingi za kabureta zina kitasa kidogo cha kurekebisha mwinuko. Mwulize aliyekukodisha kama kimewahi kuguswa.

Pia punguza mwendo. Magharibi ya Texas kibao kinaruhusu maili 80 kwa saa, lakini hiyo haikuhusu wewe mwenye nyumba mgongoni. Kaa 60 hadi 65.

#7 Hesabu Kwanza

Tuweke namba mezani. Injini ya kawaida inapoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila futi 1,000, na joto nalo linakula kidogo. Kwa futi 4,000, jenereta ya wati 4,000 inabaki na kama 3,400. AC moja ya paa ya BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza) inakula kama wati 1,500 hadi 1,800 ikishashika kasi. Bado kuna nafasi kubwa. Mwinuko peke yake haumuui huyu.

Labda kama kulikuwa na kitu kingine kinakula umeme. Mikrowevu? Hita ya maji imeachwa kwenye umeme?

#8 Mzee wa I-10

Hesabu, mimi sikusema nguvu imeisha. Nimesema mchanganyiko wa hewa na mafuta umeharibika. Ni vitu viwili tofauti. Plagi ikishajaa masizi haijali umebakiwa na wati ngapi.

#9 Hesabu Kwanza

Hapo umenibana. Lakini injini iliyojaa masizi ingeanza kwa kukohoa na kutoa moshi mweusi. Mleta mada, ilikohoa au ilikata ghafla?

#10 Mzigua wa Houston

Asanteni. Mara ya kwanza ilikata ghafla. Mara ya pili ilisitasita kidogo kwanza, nilisikia sauti ya AC ikishuka na kupanda. Moshi sikuuona, nilikuwa naendesha. Mikrowevu haikuwashwa. Hita ya maji iko kwenye gesi na tulikuwa tumeizima.

Kingine: taa ya swichi ya jenereta ilipepesa. Mke wangu aliirekodi kwa simu. Inapepesa mara 3, ukibonyeza kuzima inapepesa 3 halafu 6.

#11 Fundi wa Baridi

Mwambie shemeji ahsante, hiyo video ina thamani kuliko maneno yetu yote. 36 kwenye jenereta nyingi za RV maana yake injini imesimama bila kuamriwa. Haikuambii kwa nini. Inakuambia tu kwamba kompyuta haikuizima yenyewe. Ingekuwa oili kushuka, kwa kawaida ingepepesa 2.

Kwa hiyo oili tuiweke pembeni, ingawa aipime kabla ya kurudi. Wakati wa joto injini hizi zinakunywa oili.

#12 Koili ya Moto

Jina langu linajieleza. Kwa miaka mingi nimeona jenereta "zinachemsha mafuta" kumbe koili ya kuwashia plagi. Waya mwembamba ndani ya koili ukipata moto unatanuka na kuachana, cheche inapotea, injini inakata GHAFLA. Ikipoa waya unagusana tena, inawaka. Dalili ni zile zile za kwako Fundi, nusu saa ya kupumzika na yote. Kitambaa chako cha maji kikipoza pampu kinapoza na koili jirani yake, halafu utashangilia bure.

Kipimo cha kweli: ikizima, toa plagi, ichomeke kwenye waya wake, iguse bodi mbali na mvuke wa petroli, zungusha injini. Hakuna cheche, koili.

#13 Fundi wa Baridi

Sikatai koili. Lakini kaandika mara ya pili ilisitasita. Koili haisitisiti, mafuta ndiyo yanasitasita.

#14 Koili ya Moto

Na mara ya kwanza ilikata ghafla. Chagua basi.

#15 Kijana wa Kisauni

Nyinyi watu mnapenda kuteseka. Houston hadi Phoenix si ndege ya chini ya saa tatu? Mama angefika anakunywa chai saa hizi. Maili karibu 1,200 na jenereta mbovu, ya nini babangu?

#16 Binti Pangani

Kisauni, wewe hujaenda safari na mama yako kitambo. Mzee akikaa na wajukuu kwenye gari siku nzima anasimulia mambo ambayo nyumbani hayapati nafasi. Sisi tulimpeleka baba Denver kwa RV, akatutajia majina ya mababu hadi watoto wakayashika. Ndege ingetupa nini? Mfuko wa karanga.

Lakini jenereta itengenezwe.

#17 Nesi wa Zamu

Naomba tuache koili kidogo. Mleta mada ameandika kitu ambacho wote mmekipita mbio: mama aliacha kulalamika.

Mzee anapozidiwa na joto, kiu yake haimwambii ukweli, na mwili wake hautoi jasho kama wa kijana. Akiwa anameza dawa za presha, hasa zile za kumwongezea mkojo, maji yanamwisha haraka zaidi. Kunyamaza, kusinzia kusiko kwa kawaida, kujibu ovyo, hizo ni dalili za ubongo kuzidiwa. Akichanganyikiwa na mwili ni wa moto, piga 911 na uanze kumpoza hapo hapo, usingoje mji unaofuata.

Kulowesha kanga mlifanya vizuri sana. Jangwani hewa ni kavu, maji yanakauka haraka kwenye ngozi na kuondoka na joto. Kupepea peke yake hewa ikiwa na digrii 40 ni kumpulizia moto. Pepea ngozi yenye maji. Na mkae chonjo na simu, maana yako mapande ya kule magharibi ya Texas mtandao unapotea kabisa.

#18 Mzigua wa Houston

Nesi, nimekusoma mara mbili na nimemsomea mke wangu. Mama anatumia dawa ya presha, ndiyo. Kesho nampigia daktari wake. Asante sana.

#19 Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum. Kwetu huku familia zinaendesha Muscat hadi Salalah wakati wa khareef (msimu wa manyunyu huko Salalah), kilomita kama elfu moja, na katikati ya Adam na Thumrait ni mchanga mtupu. Wazee wetu wana utaratibu: unaswali alfajiri na kuondoka, jua likikolea mnakuwa mmefika Haima mnapumzika, mnaondoka tena baada ya alasiri. Hakuna mtu anayetaka kujipima na jua la saa saba mchana.

Kuhusu jenereta, mimi nina maoni ya tatu au ya nne, sijui tumefika ngapi. Upepo. Mkienda magharibi alasiri na upepo unawasukuma kutoka nyuma, hewa ya moto ya jenereta inabaki pale pale chini ya gari, na jenereta inaivuta upya kujipozea. Hizi hupozwa kwa hewa, hazina rejeta ya maji. Ukipaki kukiwa kumetulia inapoa. Angalia pia kama kuna majani, kipande cha turubai au tope limeziba njia ya hewa kwa chini.

#20 Nyundo ya Kariakoo

Muscat umeongea. Lakini hata kwako jibu ni jenereta kupata joto, na joto linapiga mafuta. Tunarudi kwangu.

#21 Dada wa Mesa

Nyundo ulisema mrija mfupi, sasa umehamia kwa Fundi. Tunakuona.

#22 Mama Furaha Tucson

Jambo bandugu. Mimi niko Tucson, tulitokea Bukavu tukapitia kambi Burundi. Kila mwaka tunakwenda kuona kaka yangu Dallas, njia ni hiyo hiyo mpaka kupita Van Horn halafu sisi tunashika I-20.

Kwa ule mama: msimame Balmorhea. Iko pembeni ya I-10 kati ya Fort Stockton na Van Horn, kuna hifadhi ya jimbo yenye bwawa kubwa la maji ya chemchemi, vijana wa kazi za serikali walilijenga miaka ya 1930. Maji yanabakia karibu digrii 72 hadi 76 za Fahrenheit mwaka mzima. Mama anaweza kuweka miguu tu. Muangalie kwanza kama iko wazi, maana kuna wakati wanafunga kwa matengenezo na siku za watu wengi inajaa.

Halafu nauliza, huko Phoenix gari mmeliweka wapi? Kwa kaka yangu walituambia tuondoe RV usiku huo huo, chama cha wenye nyumba hakiruhusu.

#23 Mzigua wa Houston

Mama Furaha, umegusa kidonda. Kwa mdogo wangu pia mtaa hauruhusu RV kulala barabarani. Tuliiingiza uani siku ya kwanza, tukachomeka kwenye soketi ya gereji kwa adapta. AC ikawasha dakika chache, umeme wa gereji ukakata. Sasa iko kwenye kambi ya RV yenye umeme wa ampea 30, na sisi tunalala ndani kwa mdogo wangu.

#24 Hesabu Kwanza

Soketi ya gereji ni ampea 15 au 20, na huenda inagawana na friji. AC ya paa inapoanza inavuta kwa nguvu sana. Na waya mrefu mwembamba unashusha volti, kompresa inaungua pole pole. Usirudie hata kama mdogo wako atakuambia haina shida.

Swali: kwenye umeme wa kambi AC inafanya kazi usiku na mchana bila tatizo?

#25 Mzigua wa Houston

Inafanya, ila ikianza inanguruma na taa za ndani zinafifia.

#26 Hesabu Kwanza

Hapo sasa. Taa kufifia kwenye umeme wa kambi kunanifanya niangalie AC yenyewe. Kapasita ya kuanzishia ikichoka, kompresa inavuta umeme mwingi na kwa muda mrefu kila inapoanza. Kompresa ikiwa ya moto inaanza kwa shida zaidi. Jenereta inabebeshwa mzigo ghafla, inazama, inakufa. Hiyo sauti ya AC kushuka na kupanda uliyoisikia ni hiyo. Jenereta haina kosa.

#27 Koili ya Moto

Kama ni AC inaiua, mbona baada ya kuzima jenereta ilikataa kuwaka hata bila mzigo? Kasema "inazunguka lakini haishiki".

#28 Hesabu Kwanza

Mzigua, ulipojaribu kuwasha, AC ilikuwa imezimwa kwenye swichi?

#29 Mzigua wa Houston

Kwa kweli sikumbuki. Watoto walikuwa wanalia.

#30 Mzee Mwinyimkuu

Niko pembeni nasoma tu, ila hili la kulala naomba niseme. Umefanya jambo la heshima kulala ndani kwa mdogo wako. Kuna vijana siku hizi wanafika kwa ndugu, wanapaki mlangoni, wanalala kwenye gari lao na kula chakula chao. Mwenyeji anaona kama mmemkataa.

#31 Binti Pangani

Shikamoo mzee. Lakini nyumba za huku si za kwetu. Vyumba viwili, watu kumi, choo kimoja. Wifi yangu mwenyewe ndiye aliyeniomba nije na RV apumue. Tulikula pamoja, tukacheka hadi usiku, tukaenda kulala kwetu. Hakuna aliyeona amekataliwa.

#32 Mzee Mwinyimkuu

Marahaba binti yangu. Mkikubaliana kabla, hapo sina neno.

#33 Askari Mstaafu

Suala la makaratasi, maana mleta mada ana mgeni. Ukirudi mashariki kwa I-10, baada ya El Paso, kabla ya Van Horn kuna kizuizi cha ukaguzi wa uhamiaji, Sierra Blanca. Magari yote yanaingia. Leseni ya udereva inatosha.

#34 Dada wa Mesa

Hapana, tusipotoshane. Leseni haionyeshi hali yako ya uhamiaji. Mwenye grini kadi wa umri wa miaka 18 na kuendelea anatakiwa kisheria kuwa nayo mwilini, si picha kwenye simu. Mama aliyekuja kwa viza ya kutembelea abebe pasipoti yenyewe, na mchapishe rekodi yake ya kuingia, ile fomu I-94, inapatikana bure kwenye tovuti ya forodha ya Marekani. Mkija magharibi kizuizi kiko baada ya Las Cruces, New Mexico, sijui kama mlisimamishwa.

Mwandae mama kabla. Mwambie kuna askari watauliza uraia wetu, ni jambo la dakika moja. Mama yangu hakuambiwa na alitetemeka hadi El Paso.

#35 Askari Mstaafu

Sawa, marekebisho nimeyapokea. Mimi ni raia, naulizwa nasema "raia", naachiwa.

#36 Mkaa wa Temeke

Na matunda je? Nasikia wanakamata maembe.

#37 Mzee wa I-10

Hiyo ni California, kituo cha kilimo pale Blythe ukivuka mto Colorado. Mzigua anarudi Texas, haimhusu.

Ila ukipata nafasi ya kwenda upande huo, simama Quartzsite, kama maili 125 magharibi ya Phoenix. Kuna kaburi la piramidi ya mawe yenye ngamia wa chuma juu. Ni la Hadji Ali, mtu wa dola ya Uthmaniya aliyeletwa kuongoza ngamia wa jeshi la Marekani. Ngamia walishushwa pwani ya Texas mwaka 1856, kambi yao ilikuwa Camp Verde, karibu na Kerrville uliyopita. Alifariki mwaka 1902 jangwani huko huko. Wamarekani walishindwa kutamka jina, wakamwita Hi Jolly.

#38 Mswahili wa Muscat

Sijapata kulisikia hili. Basi jangwa hilo lilishavukwa bila jenereta. Mola amrehemu.

#39 Mzee wa I-10

Nirudi kwenye usalama. Msimu wa monsuni Arizona ni Juni 15 hadi Septemba 30. Vumbi linakuja kama ukuta. Sehemu mbili za kuogopa kwenye njia yako: kati ya Eloy na Picacho Peak kabla ya Tucson, na Lordsburg Playa ukishaingia New Mexico. Ukilikuta, toka barabarani KABISA, paki, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki. Watu wanaacha taa zikiwaka, wa nyuma wanadhani gari linaenda, wanaifuata na kuigonga.

Na tairi. Angalia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. RV inakaa sana bila kutembea, kashata zinabaki nzuri huku mpira umeshazeeka. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Usipunguze upepo mchana kwa sababu umeona umepanda.

#40 Nesi wa Zamu

Nami naongeza: jenereta ikiwa inafanya kazi mkiwa mmepaki, king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi kipimwe kwanza. Bonyeza kitufe, kilie. Haina harufu hiyo gesi.

#41 Mzigua wa Houston

MREJESHO.

Tumefika Houston, alhamdulillah, mama mzima, sasa hivi anawapikia watoto maandazi.

Kabla ya kuondoka Phoenix nilipata fundi anayekuja kambini. Alibadilisha filta ya hewa (ilikuwa nyeusi), akatoa mabaki ya majani chini ya jenereta, akapima oili, akageuza kitasa cha mwinuko hadi futi 5,000 akisema huko ndiko tunakokwenda. Koili na pampu hakugusa. Mrija wa mafuta aliutazama, akasema mzima.

Tuliondoka kabla ya alfajiri, tenki limejaa. Texas Canyon tumepita AC inapuliza, Willcox, Lordsburg, yote safi. Tukalala El Paso. Sierra Blanca mama alitoa pasipoti yake mwenyewe kabla hajaombwa, askari akamsalimia. Balmorhea ilikuwa wazi. Mama aliweka miguu, halafu akaingia hadi kiunoni na gauni lake, hatukumwambia kitu.

Tulichelewa hapo. Kupita Ozona ilikuwa tena mchana mkali, na jenereta ikazima. Tenki lilikuwa zaidi ya nusu. Safari hii nilikuwa nimeshafunga pazia nyuma ya viti vya mbele na mama tayari yuko mbele na kanga yake mbichi.

#42 Hesabu Kwanza

Ozona ni kama futi 2,300. Ilipita Texas Canyon karibu futi 5,000 bila shida ikaja kufa bondeni. Mzee wa I-10, mwinuko wako umezikwa.

#43 Mzee wa I-10

Haujazikwa. Kitasa kiliachwa futi 5,000. Kikikaa hapo ukashuka, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, injini inachemka zaidi. Kuna mtu alikirudisha?

#44 Mzigua wa Houston

Hakuna. Fundi hakusema kama kinatakiwa kurudishwa.

#45 Fundi wa Baridi

Kitambaa cha maji ulijaribu?

#46 Mzigua wa Houston

Nilijaribu. Iliwaka baada ya kama dakika kumi.

#47 Fundi wa Baridi

Mafuta yanachemka. Nimemaliza.

#48 Koili ya Moto

Dakika kumi kivulini na maji, koili nayo imepoa. Plagi ulitoa kuangalia cheche?

#49 Mzigua wa Houston

Hapana mkuu. Niliogopa petroli na watoto walikuwa karibu.

#50 Koili ya Moto

Ulifanya sawa kuogopa. Lakini basi hamjanitoa.

#51 Hesabu Kwanza

Na mimi kapasita yangu hakuna aliyeigusa. AC ilikuwa imezimwa ulipowasha tena?

#52 Mzigua wa Houston

Safari hii ndiyo, niliizima kwanza. Ikawaka, nikaiacha dakika mbili, nikawasha AC, ikabeba. Taa ilipepesa 36 kama zamani. Gari nimelirudisha, nimewaandikia waliokodisha yote haya pamoja na video, wapime mafuta, koili na AC kabla hawajampa mtu mwingine mwenye mzee au mtoto. Hawajajibu.

#53 Mgeni Edmonton

Samahani kuingilia. Agosti tunashuka kumwona dada yangu Las Vegas na tunataka kukatiza Death Valley na RV ya kukodi. Nimesoma yote. Swali: hiyo jenereta tuitegemee au la?

#54 Mzee wa I-10

Agosti Death Valley? Soma mkataba kwanza, wakodishaji wengi wanakataza RV kuingia huko miezi ya joto. Mshuke kwa I-15 moja kwa moja hadi Vegas, na mfike kabla ya saa nne asubuhi.

#55 Nyundo ya Kariakoo

Na tenki lijae.